Kulipia faragha ya jina la tovuti: Mkulima, piga hesabu kwanza

Siku hizi si ajabu kukuta wafuga nyuki wa Tabora, chama cha msingi cha wakulima wa kahawa Mbinga au akina mama wanaosindika viungo Unguja wakiwa na tovuti yao wenyewe. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Dubai anaweza kujua wanauza nini bila kupanda basi wala ndege. Ni moja ya faida chache za utandawazi zinazoweza kumfikia mkulima mdogo bila kupitia mlolongo mrefu wa madalali.

Safari ya kuwa na tovuti huanza kwa kununua jina, na katika kununua jina kuna swali dogo ambalo huwatatiza wengi. Ukishachagua jina, na kabla hujalipa, hutokea kisanduku kinachouliza kama ungependa pia kulipia faragha, yaani taarifa zako zifichwe ili watu wasizione. Wapo mawakala wanaotoa huduma hiyo bure, na wapo wanaoitoza dola kadhaa za Marekani kwa mwaka, hata kufikia 10. Kwa mtu ambaye jina lenyewe linamgharimu kati ya dola 10 na 20, nyongeza hiyo si ndogo.

Je, mkulima au mfanyabiashara mdogo alipe? Kwa maoni yangu, wengi wenu hamna haja ya kulipa hata senti moja. Wachache wanahitaji faragha kweli, na hao nao mara nyingi wanaweza kuipata kwa njia nafuu. Lakini karibu wote mnapaswa kushughulikia kwanza jambo kubwa zaidi, nalo ni kujua jina hilo limeandikwa kwa nani. Katika makala haya nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Jina hukodishwa, haliuzwi

Tuanze na msingi. Jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita kikoa, ni ile anwani inayoishia na .com, .org, .co.tz au .co.ke. Watu husema wamelinunua, lakini kwa hakika wamelikodi, kama mfanyabiashara anavyokodi kizimba sokoni. Unalipa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa jina la .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Muda ukiisha bila kulipia tena, kizimba hupewa mwingine.

Kwa majina ya .com, daftari kuu linatunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Majina yaliyomo yamezidi milioni 150. Kampuni hiyo haimuuzii mwananchi moja kwa moja. Hufanya hivyo kupitia mawakala wa usajili walioidhinishwa na ICANN, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka 1998 huko California kusimamia majina na namba za intaneti.

Hapa pana jambo la kiuchumi ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu. Mwaka 2024 Verisign ilipandisha bei ya jumla ya jina la .com kutoka dola 9.59 hadi dola 10.26 kwa mwaka. Wakala anayekuuzia jina kwa dola 11 au 12 anabaki na faida kiduchu, na kama anakuuzia kwa dola 5 mwaka wa kwanza basi anapata hasara ili akuvute. Anaifidia wapi? Anaifidia kwenye bei ya mwaka wa pili, na kwenye nyongeza: faragha, barua pepe, ulinzi na vinginevyo. Kwa hiyo usishangae kisanduku cha faragha kinapowekwa alama ya kukubali kabla hata hujakigusa. Kwa baadhi ya mawakala, huko ndiko riziki iliko.

Daftari lililokuwa wazi kwa kila mtu

Ili ujue kama unauziwa kitu cha maana, ni vizuri kujua hofu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1982, mtandao wa kompyuta ulipokuwa bado ni wa watafiti wachache, uliwekwa utaratibu ulioitwa WHOIS, maana yake "ni nani". Mtu yeyote aliweza kuuliza daftari na kupewa jina, anwani, simu na barua pepe ya mhusika. Lengo lilikuwa jema. Mtambo wa mwenzako ukileta matata, umpigie simu autengeneze.

Biashara ilipoingia kwenye intaneti miaka ya 1990, utaratibu ulibaki uleule ingawa watu walikuwa wamebadilika. Kusajili jina kukawa sawa na kubandika simu yako na mtaa unaokaa kwenye ubao wa matangazo wa dunia nzima. Walitokea watu waliotengeneza programu za kuokota anwani hizo kwa maelfu, wakazitumia kutuma matangazo ya ovyo na barua za kitapeli.

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni iliyojiita Domain Registry of America. Ilikuwa ikituma barua kwa posta zenye sura ya ankara, zikimtaka mtu alipie upya jina lake. Aliyelipa hakujua kwamba alikuwa analihamishia jina lake kwa wakala mwingine. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliifikisha kampuni hiyo mahakamani mwaka 2003. Hata hivyo barua za namna hiyo ziliendelea kuzunguka kwa miaka mingi baadaye.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa biashara ya kuficha. Mwaka 2002 mwanzilishi wa kampuni ya GoDaddy alianzisha kampuni nyingine, Domains by Proxy, ambayo kwa malipo iliweka jina na anwani yake kwenye daftari badala ya zile za mteja. Wakati huo aliyelipa alipata kitu halisi, kwa sababu daftari lilikuwa wazi kwelikweli.

Mambo yalibadilika mwaka 2018

Mei 25, 2018 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria yake mpya ya kulinda taarifa za watu, inayojulikana kama GDPR, ambayo adhabu zake ni kali. ICANN ikalazimika kutoa masharti mapya kwa mawakala wa majina ya jumla kama .com, .org na .net. Tangu hapo mawakala wengi hawaonyeshi tena hadharani jina la mtu, mtaa, simu wala barua pepe yake. Wengi waliona ni rahisi zaidi kuwafichia wateja wote badala ya kuwatenga wa Ulaya na wasio wa Ulaya, kwa hiyo hata mteja wa Singida hunufaika.

Kwa kawaida kinachobaki wazi ni nchi na mkoa, jina la wakala, tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kwisha. Jina la taasisi, kama lilijazwa kwenye fomu, linaweza pia kuonekana. Mtu anayetaka kukuandikia hupewa fomu au anwani ya kupitishia ujumbe. Januari 28, 2025 utaratibu mkongwe wa WHOIS uliacha kuwa wa lazima kwa majina hayo ya jumla, na nafasi yake ikachukuliwa na mfumo mpya uitwao RDAP.

Maana yake kwa mfuko wako ni hii. Mtu anayelipia faragha ya jina la .com leo, mara nyingi analipia mlinzi wa ghala ambalo tayari limefungwa kwa kufuli. Sisemi mlinzi huyo hana kazi kabisa. Anaweza kuficha pia jina la taasisi na mkoa, na anaweza kukusaidia pale ambapo wakala wako haonekani kuficha chochote. Lakini usimlipe kabla hujatazama kufuli.

Kutazama si kazi ngumu. ICANN ina ukurasa wa bure wa kuuliza daftari, lookup.icann.org. Andika hapo jina la tovuti ya mtu unayemfahamu anayetumia wakala yuleyule unayetaka kumtumia, na ambaye hakulipia faragha. Utakachokiona kuhusu yeye ndicho wageni watakachokiona kuhusu wewe. Kama mtaa na simu yake havionekani, huna sababu ya kulipa.

Jambo jingine ni kwamba faragha hairudi nyuma. Zipo kampuni ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikinakili daftari hilo na kuhifadhi kumbukumbu za zamani. Kama jina lako lilisajiliwa mwaka 2010 likiwa na simu yako wazi, kulipia leo hakutaifuta simu hiyo kwenye nakala zilizokwisha kuchukuliwa. Dawa yake ni kubadili simu ya biashara, si kununua pazia.

Majina ya .tz na .ke yana taratibu zake

Masharti ya ICANN niliyoyaeleza hapo juu ni ya majina ya jumla. Majina ya nchi hufuata taratibu za nchi yenyewe. Hapa Tanzania majina ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na Kenya majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC. Hata Marekani, ambako biashara ya kuficha ilizaliwa, serikali iliamua mwaka 2005 kwamba majina ya .us yasitumie huduma hiyo, mwenye jina aonekane. Kwa hiyo usichukue uliyoyasikia kuhusu .com ukayapeleka kwenye .co.tz bila kuuliza.

Habari njema ni kwamba sasa una sheria ya kusimamia. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Anayechukua jina, simu na anwani yako anapaswa kukueleza anavichukua kwa kazi gani, na ukiona makosa una haki ya kutaka yasahihishwe. Unapokwenda kwa wakala wa .tz, muulize swali moja tu kwa lugha nyepesi: "Mtu nisiyemjua akiliuliza daftari kuhusu jina langu, ataona nini?" Wakala anayeijua kazi yake atakuonyesha palepale kwenye kompyuta.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa parachichi Njombe chenye jina la .com. Tuseme wakala anawatoza dola 10 kwa mwaka kwa ajili ya faragha, na tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500. Kwa miaka mitano hiyo ni shilingi 125,000. Wamenunua nini? Wameficha sanduku la posta la kikundi, simu ya ofisi na jina la katibu. Lakini hivyo vyote vimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti yao, kwenye boksi za kufungashia na kwenye ankara wanazompa mnunuzi. Wamefunga dirisha huku mlango wameuacha wazi kwa makusudi, kwa sababu wanataka wateja waingie. Faida yao ni sifuri, na fedha hiyo ingewatosha kulipia jina lenyewe kwa miaka mingine mitatu au minne.

Sasa mtazame mama anayetengeneza sabuni au keki nyumbani kwake na kuziuza mwenyewe. Anwani yake ya biashara ndiyo anwani ya familia. Simu yake ya biashara ndiyo ile yenye fedha za M-Pesa na ndiyo watoto wanayompigia wakiwa shule. Simu ya namna hiyo ikizagaa, ataanza kupata zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengine watampigia usiku kwa mambo yasiyohusu sabuni. Kwa mtu huyu faragha ina thamani ya kweli.

Hata hivyo zipo njia tatu za kuipata kwa gharama ndogo. Ya kwanza ni kutumia sanduku la posta. Sisi hapa nchini tumezoea S.L.P. tangu zamani, tofauti na nchi ambazo barua hupelekwa mlangoni, na sanduku la posta halimwonyeshi mtu nyumba unayolala. Ya pili ni laini ya pili ya simu kwa ajili ya biashara tu, isiyowekwa akiba ya fedha. Ya tatu ni barua pepe ya biashara, tofauti na ile ya binafsi. Akifanya hayo matatu amejikinga kwenye daftari la tovuti, na pia kwenye vipeperushi, mabango na kila mahali anapojitangaza, jambo ambalo faragha ya kulipia haiwezi kumfanyia.

Wapo wengine wenye sababu nzuri ya kulipa. Msindikaji anayetayarisha bidhaa mpya hataki mshindani ajue jina lake kabla halijaingia sokoni. Huyo anaweza kulipia mwaka mmoja, kisha akaacha bidhaa inapotoka. Yupo pia mtu anayeandika juu ya migogoro ya ardhi kijijini kwake, au juu ya mizani ya wizi kwenye minada. Kwa huyo suala si usumbufu bali ni usalama wake, na dola 10 ni fedha ndogo sana. Akikuta wakala wake haonekani kuficha taarifa, alipe, au ahamie kwa wakala anayezificha bure.

Kujificha kuna gharama yake

Gharama ya faragha haiishii kwenye zile dola 10. Huduma hizi ziko za aina mbili, na wauzaji hawazitofautishi vizuri. Aina ya kwanza huacha jina lako kama mwenye kikoa, ila anwani na simu hubadilishwa. Aina ya pili, kampuni ya faragha ndiyo inayoandikwa kama mwenye jina, nawe unapewa haki ya kulitumia kwa mkataba wa pembeni. Mkulima ataielewa tofauti hiyo mara moja. Ni tofauti kati ya shamba lenye hati kwa jina lako na shamba lenye hati kwa jina la mtu mwingine aliyekuahidi kwa karatasi kwamba ni lako.

Athari zake zilionekana mwaka 2007, wakala mmoja wa Marekani aitwaye RegisterFly alipoanguka. Wateja walilipia majina lakini hayakuhuishwa, simu hazikupokelewa, na ICANN ikamnyang'anya idhini. Majina yapatayo 850,000 yalihamishiwa kwa GoDaddy mwezi Mei mwaka huo. Waliopata shida zaidi ya wengine ni wale waliokuwa wamelipia faragha kwa wakala huyohuyo, maana kumbukumbu zilionyesha jina la huduma ya faragha na si jina la mteja. Mtu alilazimika kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwa jina la mwingine ni chake. Baada ya tukio hilo ICANN ilikaza utaratibu wa mawakala kuweka nakala za kumbukumbu kwa mtu wa tatu.

Hapa kwetu hatari iliyo karibu zaidi haitoki Marekani. Inatoka kwa yule kijana fundi wa kompyuta. Kikundi humpa fedha atengeneze tovuti, naye kwa nia njema kabisa husajili jina kwa kutumia barua pepe yake na jina lake, kwa kuwa ndiye anayejaza fomu. Zamani, daftari likiwa wazi, mwanachama yeyote mdadisi angeweza kuliuliza na kuona kwamba jina la kikundi limeandikwa kwa fundi. Leo daftari limefungwa, na pazia linalomzuia tapeli asikuone ndilo linalokuzuia wewe usijue mali yako imeandikwa kwa nani. Kwangu mimi hili ndilo badiliko kubwa lililoletwa na mwaka 2018 kwa vikundi vyetu, na halizungumzwi.

Tatizo hujitokeza fundi akihama mji, akigombana na viongozi au akibadili barua pepe. Kwa majina ya jumla kama .com, wakala anatakiwa kutuma taarifa ya kwisha muda kiasi cha mwezi mmoja kabla na tena wiki moja kabla. Taarifa hizo zinakwenda kwenye barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili, yaani ya fundi. Muda ukipita, tovuti hufa na barua pepe za kikundi huacha kufika. Jina likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada inayozidi sana ile ya kawaida, na baada ya hapo anaweza kulichukua yeyote duniani.

Sasa linganisha. Kwa upande mmoja kuna hofu ya kupata barua za matangazo, na kwa upande mwingine kuna kupoteza jina ambalo tayari limechapwa kwenye boksi 5,000, kwenye ubao wa ofisi na kwenye kumbukumbu za kila mnunuzi. Mchumi yeyote atakuambia fedha ya kwanza itumike kuziba tundu kubwa. Na tundu hilo linazibwa kwa gharama ndogo mno. Akaunti ya kwa wakala ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi. Mwenye jina aandikwe kikundi au kampuni. Neno la siri likae kwa viongozi wawili, na risiti na tarehe ya kwisha viandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiandike taarifa za uongo

Wapo wanaoona njia rahisi ni kudanganya, wakaandika jina la kubuni na simu isiyopatikana. Hilo ni kosa la kimkataba kwa majina ya .com na mengine ya jumla, na mtu anaweza kunyang'anywa jina kwa sababu hiyo. Wakala anatakiwa pia kuthibitisha barua pepe au simu yako ndani ya siku 15 baada ya usajili. Ujumbe wa uthibitisho ukitumwa kwenye barua pepe usiyoisoma, tovuti inaweza kuzimwa. Zaidi ya hayo, siku ukigombania jina lako utamshawishi nani kwamba wewe ndiye yule mtu wa kubuni? Kuficha taarifa za kweli kunakubalika, lakini kuandika za uongo ni kujichimbia shimo.

Yale ambayo faragha haifichi

Msomaji asidanganyike kwamba akilipa atakuwa hajulikani kabisa. Wakala wako anakujua, na amri ya mahakama inaweza kumtaka akutaje. Vilevile faragha haizuii tovuti kuvamiwa, na kusajili jina la tovuti si sawa na kusajili jina la biashara au alama ya biashara BRELA. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mfanyabiashara makini huzifanya zote.

Wala matapeli hawakukoma daftari lilipofungwa. Siku hizi huchukua barua pepe kwenye tovuti yenyewe, kisha wanakuandikia kwamba kuna kampuni ya mbali inataka kusajili jina kama lako, ukimbie ulipie kabla haijachelewa. Kinga yake ni kujua mambo mawili kwa kichwa: wakala wako ni nani, na muda wako unakwisha lini. Ankara yoyote inayotoka kwa mwingine, itupe.

Kuna pia suala la kuaminika. Mnunuzi wa asali au kahawa aliye ng'ambo anayetaka kutuma malipo ya awali atachunguza kama upo kweli. Akikuta daftari limefichwa hatashangaa, kwani mengi yamefichwa. Lakini akikuta na tovuti yenyewe haina jina la mtu, simu wala mahali, ataondoka. Kwa hiyo taarifa ulizoziondoa daftarini ziweke kwenye ukurasa wako mwenyewe, ukichagua wewe zipi: jina la kikundi, namba ya usajili, S.L.P., simu ya ofisi na mahali shamba au kiwanda kilipo.

Kabla hujabofya "kubali"

Kwa muhtasari, ndugu msomaji, ukifika kwenye kile kisanduku jiulize maswali yafuatayo:

Kwanza, bila kulipa, wageni wataona nini? Usikisie, tazama.

Pili, je, huduma hii inatolewa bure na wakala mwingine? Wapo wengi wanaoitoa bure. Na kama ni bure mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ni kiasi gani?

Tatu, je, ninachotaka kuficha tayari nimekichapa kwenye boksi, bango na tovuti?

Nne, je, sanduku la posta na laini ya pili ya simu haviwezi kunitosha?

Tano, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, jina limeandikwa kwa nani, na taarifa za kulipia zinakwenda kwa barua pepe ya nani?

Kama swali la tano hujui jibu lake, acha hayo mengine kwanza. Mpigie fundi wako leo, umwombe akuingize kwenye akaunti mkiwa mmekaa pamoja, na usiinuke hapo mpaka umeona jina la kikundi chako kwa macho yako.